Wakulima wa Usiku: Walipanda Mabomu Katika Bahari ya Adui

Watu wengi waliosikia habari za Vita Kuu ya Pili wanajua jinsi eropleni za Kiingereza zilivyoangusha mabomu juu ya miji ya Ujerumani. Lakini iko kazi nyingine iliyofanywa na eropleni zizo hizo, tangu mwaka wa 1940 mpaka vita vilipokwisha Ulaya katika mwaka wa 1945, ambayo haikupata sifa kubwa. Kazi hiyo ilikuwa kutega mabomu baharini, katika njia za meli za adui, tena wakati wa usiku.

Kwa siri kazi hiyo iliitwa "Kulima Bustani". Bomu la kutega liliitwa mboga, na kila sehemu ya bahari ilipewa jina la mmea, ua au kiumbe cha baharini. Njia ya kuingilia Oslo, katika Norway, iliitwa Vitunguu. Na bahari ya Gdynia, katika Poland, iliitwa Spinachi. Lakini bustani hiyo haikuwa ya mchezo.

Bomu lenyewe lilikuwa kama pipa refu la chuma, na uzito wake ulikuwa ratli 1,500 hivi. Lilipoachiliwa, mwavuli ulifunguka ili lisipige maji kwa nguvu na kuharibika. Kisha lilizama mpaka chini, likalala kimya mchangani. Meli ya chuma ina nguvu za sumaku. Basi ilipopita juu, nguvu hizo ziliamsha mtambo uliokuwa ndani ya bomu, likapasuka. Baadaye yalitengenezwa mabomu yaliyosikiliza mvumo wa injini za meli, na mengine yaliyoziacha meli kadhaa kupita salama ndipo yakapasuka. Kwa hiyo adui hakuweza kuamini kwamba njia ni safi kwa sababu tu meli ya kwanza imepita.

Safari ya kwanza ilifanywa usiku wa tarehe 13 Aprili, 1940, siku chache baada ya Wajerumani kuingia Denmark na Norway. Eropleni zilizotumwa ziliitwa Hampden, na kila moja ilichukua watu wanne tu. Baadaye zilikuja eropleni kubwa zaidi, kama Lancaster, yenye watu saba: rubani, fundi wa injini, mwonyesha njia, mwangusha mabomu, mpiga simu ya upepo, na wapiga bunduki wawili. Lancaster moja iliweza kubeba mabomu sita ya namna hiyo.

Ugumu wa kazi ulikuwa katika kupata mahali penyewe. Bahari haina njia panda wala mti wa alama. Ilikuwa lazima kwanza waione rasi au kisiwa wanachokijua, kisha waruke moja kwa moja kwa mwendo uliopimwa, huku wakihesabu sekunde, ndipo waachilie mabomu moja baada ya moja. Katika miaka ya kwanza walishuka chini sana, pengine futi mia kadhaa tu juu ya maji, na mizinga ya pwani na ya meli ikawangoja. Ikiwa hawakupata mahali pao, walitakiwa kurudi na mabomu yao, maana bomu lililotegwa pasipojulikana laweza kumwua rafiki.

Makamanda wengi waliihesabu kazi hii kuwa nyepesi kuliko kwenda Berlin, na mara nyingi waliwatuma vijana wapya ili wajifunze. Lakini usiku wa tarehe 28 Aprili, 1943, eropleni 207 zilikwenda kutega mabomu karibu na kisiwa cha Heligoland, katika mlango wa mto Elbe na katika bahari nyembamba za Denmark. Mawingu yalikuwa chini, nazo zikalazimika kushuka ili zione pwani. Mabomu 593 yalitegwa, lakini eropleni 22 hazikurudi. Katika vita vyote, hakuna usiku mwingine wa kazi hii uliopoteza eropleni nyingi kama huo.

Mavuno yalikuwa makubwa, ingawa wapandaji hawakuyaona. Mabomu yapata 47,000 yalitegwa, na mamia ya meli zikazama au kuharibika. Katika Februari 1942 manowari mbili kubwa za Ujerumani, Scharnhorst na Gneisenau, zilitoka Brest na kupita mbele ya macho ya Waingereza bila kuzuiwa. Lakini kabla ya kufika kwao zote mbili ziligonga mabomu yaliyotegwa na eropleni.

Na yako mavuno mengine yaliyofichwa mpaka miaka ya 1970. Mara nyingine mabomu yalitegwa mahali fulani makusudi ili Wajerumani wapelekeane habari zake kwa simu ya upepo. Kwa kuwa Waingereza walijua mapema maneno yatakayokuwamo katika habari hizo, wataalamu wao wa Bletchley Park waliyatumia kama ufunguo wa kufumbua maandishi ya siri ya adui. Vijana waliokwenda safari hizo hawakuambiwa sababu. Walionyeshwa mahali katika ramani, wakaenda.

Eropleni iliyoangukia bahari ile ya baridi mara nyingi haikuacha alama. Huko Runnymede, Uingereza, liko jengo la ukumbusho lililofunguliwa mwaka wa 1953, lenye majina zaidi ya 20,000 ya askari wa anga wasiojulikana walikolala. Baadhi yao ni wakulima hao wa usiku. Mkulima hupanda akitumaini kuvuna. Wao walipanda gizani, na wengi hawakupata kujua kama kilichopandwa kiliota.