Ujasiri wa hadharani, maumivu ya faraghani

Saa nane mchana, wanafunzi wakitoka shuleni, wavulana watatu wamepanda mshikaki kwenye pikipiki moja. Hakuna aliyevaa kofia ngumu, na wa nyuma amesimama akiwapungia wenzake. Katika darasa lao yupo msichana wa miaka 14 ambaye havui sweta hata katika joto la Februari la Dar es Salaam, kwa sababu mikononi ana makovu asiyotaka yaonekane. Nyumbani wote hao wataitwa jina moja: watukutu wanaojitakia. Pengine na dawa itakuwa moja, fimbo.

Kwetu tunaoshughulikia afya ya akili, mambo hayo mawili yana mizizi tofauti. Wavulana wanatafuta raha, tena mbele ya watazamaji. Msichana anatafuta nafuu, tena kwa siri. Mzazi anayeyachanganya huishia kuwakosea wote.

Tuanze na wavulana. Shirika la Afya Duniani huhesabu rika la balehe kuwa miaka 10 hadi 19. Katika miaka hiyo, sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na raha huchangamka mapema. Sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu apitishe miaka 20. Tanga limekwisha jaa upepo, na nahodha bado anajifunza kushika usukani.

Mwaka 2005, watafiti Margo Gardner na Laurence Steinberg wa Marekani waliwapa watu mchezo wa kompyuta wa kuendesha gari. Taa ya njano ikiwaka, mchezaji aliamua mwenyewe: aendelee kujiongezea pointi, au asimame kabla hajagonga. Wenye miaka 13 hadi 16 walithubutu zaidi sana walipokuwa na wenzao kuliko walipocheza peke yao. Kwa watu wazima, kuwepo kwa wenzao hakukubadilisha kitu. Ndiyo maana kijana yuleyule aliye mwangalifu nyumbani huwa mwingine akiwa kijiweni.

Hatari yenyewe anaijua. Ukimuuliza akiwa ametulia, mwenye miaka 16 hupima hatari karibu sawa na mtu mzima. Kwa hiyo mahubiri peke yake hayatoshi. Msaidie kwa kumpunguzia nafasi ya kuumia: kofia ngumu, saa ya kurudi nyumbani, mtu mzima aliye karibu wanapokusanyika. Mpe pia pa kuthubutia, kama uwanja wa mpira, jukwaa la ngoma au mdahalo wa shule. Kuthubutu si ugonjwa. Bila kuthubutu hakuna mtoto ambaye angeondoka mgongoni kwa mama.

Kwa msichana wa sweta hali ni nyingine kabisa. Wataalamu huita tendo lake kujidhuru kwa makusudi. Mara nyingi huanza kati ya miaka 12 na 14, na wavulana pia hujidhuru. Anayejidhuru huwa amezidiwa na huzuni, aibu, hasira au ganzi ya moyo ambayo hajui kuitaja, na maumivu ya mwili humtuliza kwa muda mfupi. Nafuu hupita upesi, aibu huongezeka, na mzigo hurudi mzito zaidi. Wengi hawana nia ya kufa. Hata hivyo, kujidhuru huongeza uwezekano wa kujiua siku za mbele, kwa hiyo kusipuuzwe kamwe kwa kusema "anatafuta kuonwa tu". Anayetafuta kuonwa hafichi makovu.

Ipo hali inayounganisha haya mawili, nayo ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Ni kijana anayeendesha kwa fujo usiku akiwa peke yake, au anayelewa peke yake na kusema hajali yatakayompata. Hatari ikishakosa watazamaji, uliza kama raha ndiyo anayoitafuta kweli.

Ufanye nini ukigundua kwamba mwanao anajidhuru? Kwanza pumua, kisha sema maneno machache: "Pole mwanangu. Nimeona. Sikugombezi, niko hapa." Jeraha litibiwe kama jeraha lingine lolote. Usimwite shangazi na majirani waje watazame, wala usimlazimishe kuapa kwamba hatarudia. Kiapo kikivunjika, atajificha zaidi. Muulize waziwazi kama amewahi kutaka kufa. Wazazi wengi huogopa kwamba swali hilo litampa wazo. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2014 hayakuona dalili kwamba kuuliza huongeza mawazo hayo. Akikubali, usimwache peke yake, fungia dawa na sumu za shambani mahali asipofikia, na umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Kenya na Tanzania zina simu ya bure ya watoto, namba 116.

Na matumaini yapo. Utafiti uliowafuatilia vijana katika jimbo la Victoria, Australia, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba takriban 9 kati ya 10 waliojidhuru wakiwa balehe walikuwa wameacha walipofikia utu uzima. Mwanasaikolojia Marsha Linehan, aliyebuni tiba inayomfundisha mtu kustahimili hisia kali bila kujiumiza, alieleza hadharani mwaka 2011 kwamba yeye mwenyewe alilazwa hospitali ya akili akiwa binti wa miaka 17 kwa sababu ya kujidhuru.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini mtoto hafichui kidonda chake mahali ambapo atachapwa kwa ajili yake. Katika mila za Waswahili wa Pwani, binti aliyevunja ungo alipewa somo, mwanamke asiye mama yake, ambaye angemwuliza asiyoweza kuyauliza nyumbani. Kila kijana anahitaji mtu wa namna hiyo: mjomba, mwalimu, shangazi, jirani mwenye staha. Leo jioni mwulize mwanao swali moja: "Ukizidiwa, nani utamwambia?" Akikaa kimya, msaidie kumpata mtu huyo.