Mlezi wa Miaka Kumi na Saba Alipwe Shilingi Ngapi?

Shule zikifungwa, mtaa wa Bukoto jijini Kampala hujaa vijana waliomaliza Senior Four au Senior Six, wanaosubiri matokeo na kutafuta hela za matumizi. Ndio haohao ambao majirani huwaomba, kuanzia Barabara ya Kisaasi hadi upande wa Ntinda, wakae na mtoto saa mbili tatu mama akienda saluni au baba akikimbilia mkutano. Kazi yenyewe inaeleweka. Bei ndiyo haisemwi. Binti aliyemwita mwajiri wake Auntie tangu utotoni hathubutu kumtajia kiasi, na Auntie naye akirudi huchomoa noti iliyo karibu mkobani: leo elfu kumi, kesho elfu tano, keshokutwa soda na chapati.

Anayetaka sheria imsaidie hapa atasubiri sana. Kima cha chini cha mshahara nchini Uganda ni kile kilichowekwa mwaka 1984, yaani Sh6,000 kwa mwezi. Bodi ya ushauri iliyoundwa mwaka 2015 ilipendekeza Sh136,000. Februari 2019 Bunge likapitisha muswada wa mishahara ya chini, lakini Rais Yoweri Museveni akakataa kuutia saini. Kwa hiyo Bukoto bei ya ulezi inategemea huruma na mazoea, na kijana ndiye mwenye sauti ndogo katika mapatano hayo.

Kuhusu umri, hata hivyo, sheria haikunyamaza. Sheria ya Watoto, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inaweka umri wa kuajiriwa kuwa miaka 16. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza mtoto, yaani mtu asiyetimiza miaka 18, kuajiriwa kati ya saa moja jioni na saa moja asubuhi. Wazazi wengi hawalijui hili, nalo linagusa saa zilezile wanazomhitaji mlezi: harusi za Jumamosi, mikesha, chakula cha usiku cha ofisini. Kijana wa miaka 17 anaweza kukaa na mtoto wako mchana. Usiku tafuta mwenye miaka 18 na zaidi, umlipe zaidi, na umfikishe mpaka mlangoni kwao badala ya kumtafutia boda saa tano usiku.

Sasa bei. Mimi huanzia kwenye zile Sh136,000 za bodi. Sheria inahesabu wiki ya kazi kuwa saa 48 kwa kawaida, ambazo kwa mwezi ni kama saa 208. Ukigawanya unapata takriban Sh650 kwa saa. Hesabu hiyo ni ya miaka kadhaa iliyopita na bei za vitu zimepanda, kwa hiyo tuifikishe Sh1,000. Lakini hiyo ni saa ya mtu mwenye kazi ya kudumu. Kijana anayeitwa kwa saa tatu amepoteza nusu ya siku, hana likizo yenye malipo, hana uhakika wa kuitwa tena wiki ijayo. Nazidisha mara mbili: Sh2,000 kwa saa, na asilipwe chini ya saa tatu hata ukiwahi kurudi. Akiitwa kutwa nzima kwa wiki nzima, ile sababu ya kuzidisha inapungua, mnaweza kushuka hadi Sh1,500. Mtoto wa pili anaongeza nusu. Mtoto anayenyonya chupa na kubadilishwa nepi anaongeza pia, maana hapo hakuna dakika ya kukaa chini.

Kupika chakula cha familia na kufua mashuka ni kazi nyingine, na bei yake ni nyingine. Hili ndilo huzaa manung'uniko mengi kuliko kiasi chenyewe. Binti aliitwa kumwangalia mtoto, akakuta beseni la nguo linamsubiri.

Wapo watakaosema kijana alipwe kidogo kwa kuwa ni kijana. Hoja hiyo ina watetezi wakubwa: Uingereza ina kima rasmi cha chini zaidi kwa wafanyakazi walio chini ya miaka 18, na Marekani, ilipoingiza kazi za nyumbani katika sheria ya kima cha chini mwaka 1974, iliwaacha nje walezi wa mara mojamoja. Naielewa kiwandani, ambako mwanagenzi anaharibu mali akijifunza. Kwa mtoto mchanga siikubali. Akipaliwa na uji, uhai wake unategemea aliye naye wakati huo, awe na miaka 17 au 40. Umri upange saa na aina ya kazi. Bei ifuate wajibu.

Hesabu hii ya saa inafichua jambo lililo zito zaidi kuliko mlezi wa likizo, yaani yaya anayelala kwa mwajiri, ambaye mara nyingi ni msichana aliyeletwa kutoka kijijini na shangazi au dalali. Tuseme analipwa Sh150,000 kwa mwezi, anaamka saa kumi na moja alfajiri na kulala saa tatu usiku, bila siku ya kupumzika. Hizo ni saa 16 kwa siku, saa 480 kwa mwezi, Sh312 kwa saa. Mwajiri husema anampa chumba na chakula. Tanzania imewahi kuliandika wazo hilo rasmi: amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilimpa mfanyakazi wa kawaida wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri Sh120,000 za huko, na anayelala humo Sh60,000. Angalau ni kima kinachoweza kudaiwa. Lakini naona nusu nzima ni makato makubwa mno kwa mtu ambaye, kwa kulala humo, ndiye anayeamshwa mtoto akilia usiku wa manane. Na kama yaya huyo ana miaka 16, ratiba ya alfajiri hadi saa tatu usiku ni kinyume cha sheria hata angelipwa milioni. Siku moja ya kupumzika kila wiki nayo ni haki yake kisheria.

Lipa siku hiyohiyo, mkononi mwa aliyefanya kazi. Sheria ya Ajira inataka mshahara umfikie mfanyakazi mwenyewe. Kumpelekea mama yake au dalali kwa ahadi kwamba atapewa hakutoshi. Ukilipa kwa simu, ongeza gharama ya kutoa pesa pamoja na kodi ya asilimia 0.5 inayotozwa pesa zikitolewa, la sivyo umempunja bila kujua.

Wazazi wa Bukoto mnaoishi fleti moja au mtaa mmoja, kutaneni na mwenyekiti wenu wa LC1, yaani baraza la mtaa, kabla shule hazijafungwa Desemba. Kubalianeni kima kimoja cha saa, mkiandike, mkibandike getini. Auntie na atamke bei kabla kijana hajavua viatu.