Mtoto amelala: utasemaje kwa Kiingereza?

Mtoto yumo kitandani usingizini, mara mgeni anabisha hodi kumwulizia. Kwa Kiingereza utamjibuje? Kuanzia Migori mjini hadi ufuoni Homa Bay, wengi watasema, “He has slept.” Mwingereza ataelewa kwamba mtoto alikwisha kulala, na huenda sasa yu macho. Jibu lenyewe ni, “He is asleep.”

Kosa hili si la uvivu. Katika Kiswahili “amelala” ni hali iliyopo sasa hivi, sawa na “amesimama” na “amechoka”. Mwanafunzi huona “-me-” akaweka “has”. Amefuata kanuni, ila ya lugha nyingine.

Mtego wa pili ni jana. Sisi husema “nimemwona jana” na hakuna anayeshtuka. Andika “I have seen him yesterday” katika insha ya KCSE, kalamu nyekundu itapita hapo! Siku iliyokwisha ikitajwa, Kiingereza hudai “I saw him yesterday.” Siku isipotajwa, na jambo likiwa bado lina uzito sasa, ndipo “I have seen him” hufaa. Ukiwasikia Wamarekani katika filamu wakisema “I already ate”, usiwaige mtihanini; sisi tulirithi Kiingereza cha Uingereza.

Wala usidhani mtoto hajui nyakati. Mluo husema “asetedo”, nimepika, na ana “nyoro” kwa jana na “nyocha” kwa juzi. Kikuria cha Kehancha na Isebania kina zaidi ya wakati uliopita mmoja. Mwalimu anayefoka “wrong!” bila kuuliza “ni siku gani hiyo?” hamsaidii mtoto huyu hata kidogo.

Tena si alama tu. Mama akimwambia daktari asiyejua Kiswahili wala Kijaluo, “He vomited in the morning,” daktari atadhani kutapika kumekoma. Kama mtoto anatapika tangu asubuhi mpaka sasa, aseme, “He has been vomiting since morning.” Hapo tofauti ya maneno mawili yaweza kuamua nani aonwe kwanza.

Leo baada ya chakula, hebu wajaribu wanao kwa hili: “Baba amevaa kofia.” Atakayesema “has worn” mwulize kama kofia ingali kichwani. Akijibu ndiyo, basi “Father is wearing a cap.”