Dawa ya Mti Yataka Subira

Mara nyingi akina mama hutuuliza kliniki: "Je, ninyi wauguzi mnakataza mitishamba?" Jibu letu ni kwamba hatukatazi. Tunachokataza ni haraka. Mti ni kiumbe hai. Una majira yake, una adui zake na marafiki zake, na nguvu yake hubadilika. Anayetaka kujifunza dawa ya mti hana budi kutulia kwanza mbele ya mti huo, autazame siku nyingi, kabla hajachuma jani wala kubandua gome. Mwezi huu tunaeleza kwa nini utulivu huo huokoa maisha, na jinsi familia inavyoweza kuuanza nyumbani.

KWA NINI MTI UNA DAWA?

Mti hauwezi kukimbia. Mbuzi akija, kiwavi akija, ukungu ukija, mti umesimama palepale. Basi hujilinda kwa kutengeneza vitu vichungu, vikali au vyenye sumu ndani ya majani, gome, mizizi na mbegu. Vitu hivyo hivyo ndivyo mara nyingi tunavyoviita dawa. Kwa hiyo dawa na sumu hutoka chungu kimoja. Tofauti ni kiasi, sehemu ya mti na namna ya kuitayarisha.

Tazameni mnyonyo, ambao wengine huuita mbarika. Mafuta yake yamejulikana tangu zamani kuwa dawa ya kuharisha. Lakini mbegu yake mbichi ikitafunwa ina sumu kali iitwayo risini, inayoweza kumwua mtoto. Au tazameni mwarobaini, mti uliotoka pande za India na kupewa jina hilo kwa sababu watu husema unatibu magonjwa arobaini. Mafuta ya mbegu zake yamewahi kuwaletea watoto wadogo waliyonyweshwa degedege na hata kifo. Mti ni ule ule tunaokaa kivulini mwake.

HARAKA ILIPOLEMAZA WATU

Mfano mkubwa uko jikoni mwetu. Muhogo mchungu hujilinda kwa sumu ya sianidi. Bibi zetu hawakusoma kemia, lakini kwa kuutazama mmea huo muda mrefu walijua la kufanya: kuumenya, kuuloweka au kuuvundika siku kadhaa, kuuanika juani hadi ukauke vizuri, ndipo kutwanga. Kila hatua hupunguza sumu.

Ukame ukija, mambo mawili huungana. Muhogo wenyewe huongeza sumu, na watu wenye njaa hufupisha siku za kuuandaa. Wakila huo muhogo majuma mengi bila maharage, samaki wala nyama, wengine hupatwa na ugonjwa wa konzo: miguu yote miwili hukakamaa ghafla, na ulemavu huo hauponi. Jina hilo limetoka Congo, katika lugha ya Kiyaka, na maana yake ni miguu iliyofungwa. Hapa Tanzania ugonjwa huo ulionekana Tarime mwaka 1985, na baadaye katika mkoa wa Mtwara. Waathirika wengi walikuwa wanawake na watoto. Si muhogo uliobadilika kuwa adui. Ni siku chache za subira zilizopunguzwa.

WALIOTULIA WAKAPATA

Mwaka 1775 huko Uingereza, daktari William Withering aliulizwa maoni yake juu ya dawa ya siri ya familia moja, iliyotumika kutibu watu waliovimba mwili. Ndani yake mlikuwa na majani ya namna ishirini au zaidi. Alichunguza akaona kwamba lenye nguvu ni moja tu, la mmea uitwao dijitalisi. Hakukimbilia kutangaza. Kwa miaka kumi aliwafuatilia wagonjwa wake, akajifunza kwamba nguvu ya jani hubadilika kwa majira, na kwamba ni bora kulichuma wakati mmea unapotoa maua. Aliona pia kwamba mgonjwa akianza kutapika au mapigo yake yakipungua mno, dozi imezidi. Mwaka 1785 alitoa kitabu chake. Hata leo wagonjwa wa moyo hupewa digoksini, dawa ya jamii ya mmea huo, nasi wauguzi huhesabu kwanza mapigo kabla ya kuitoa.

Mfano wa pili ni Bi. Tu Youyou wa China. Alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea wa artemisia, lakini majaribio hayakuwa yakitoa matokeo ya kutegemewa. Akarudi kusoma upya maandiko ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, akaona jambo dogo: mmea huo ulilowekwa katika maji na kukamuliwa, haukuchemshwa. Akatambua kwamba huenda moto ndio unaoharibu dawa. Akabadili njia, na kufikia mwaka 1972 dawa ya artemisinini ilikuwa imepatikana. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa mseto tunayotumia kutibu malaria imetokana na kazi hiyo.

Wengine husema: "Basi na tunywe chai ya artemisia tu." Hapana. Kiasi cha dawa katika majani hutofautiana kutoka shamba hadi shamba. Ikiwa kidogo, vijidudu dhaifu hufa, vyenye nguvu hubaki na kuzoea dawa. Ndiyo sababu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilisema haliungi mkono kutibu malaria kwa majani hayo.

FAMILIA IANZEJE?

Chagueni mti mmoja tu ulio karibu, kama vile mlonge, mwarobaini au mpera. Kila juma, kwa mfano Jumapili jioni, kaeni chini yake robo saa pamoja na watoto. Redio izimwe, simu ziachwe ndani. Mwe na daftari na kalamu.

1. Tazameni umbo. Majani yamepangwaje? Gome lina rangi gani? Mkivunja kijani kimoja, kinanukaje? Kinatoa utomvu? Msionje.

2. Tazameni wageni wake. Ni ndege gani wanakuja, nyuki huja saa ngapi, wadudu gani wanakula majani na wepi wanayakwepa? Chini yake kunaota nini, na nini hakioti?

3. Andikeni majira. Mti ulipukutisha lini? Ulichanua lini? Mvua ilinyesha kiasi gani?

4. Waulizeni wazee. Babu na bibi wanauitaje, na uliwahi kumdhuru nani? Swali hilo la mwisho husahaulika, nalo ndilo kubwa.

Fanyeni hivyo mwaka mzima. Mtagundua kwamba jina moja hutumika kwa miti miwili au mitatu, na mti mmoja una majina kumi. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea: wanasikia jina, wanachuma mti mwingine. Aliyeutazama mti mwaka mzima hadanganyiki kwa urahisi.

TUSIUUE MTI UNAOTUTIBU

Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka hadi mizizini kupitia ndani ya gome. Ukibandua gome kuzunguka shina lote, mizizi hufa njaa, na mti wote hukauka. Mti wa milimani ambao Wakikuyu huuita muiri, na wataalamu Prunus africana, umepatwa na balaa hiyo. Gome lake lilinunuliwa sana Ulaya kwa dawa ya uvimbe wa tezi dume, na miti mingi ikabanduliwa hadi kufa. Tangu mwaka 1995 biashara yake kati ya nchi na nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Kwa hiyo chumeni majani badala ya gome inapowezekana, msing'oe mizizi, na pandeni mche mwingine.

MAHALI AMBAPO SUBIRA HAITAKIWI

Akina baba na akina mama, tusikilizeni vizuri. Subira ni ya kujifunza, si ya kumwacha mgonjwa ateseke.

Mtoto mwenye homa apelekwe zahanati siku hiyo hiyo apimwe malaria. Ikiwa ana degedege, anatapika kila kitu, hawezi kunyonya wala kunywa, anapumua kwa shida au amelegea asiamke, msichemshe chochote. Ondokeni mara moja, hata kama ni usiku.

Mama mjamzito asinywe mitishamba bila ushauri, wala asipewe majani ya kuharakisha uchungu. Uchungu ukizidi nguvu, mji wa mimba waweza kupasuka, tukampoteza mama na mtoto kwa saa chache.

Anayetumia dawa za kisukari, presha, kifua kikuu au ARV asiziache kwa ajili ya mti wowote, na asichanganye kabla ya kutuuliza.

Na mkishakunywa mitishamba, tuambieni. Njoni na tawi la mti wenyewe, mseme ni sehemu gani ilitumika, kiasi gani na lini. Hatutawagombeza. Habari hiyo inaweza kumwokoa mgonjwa, kwa maana hatuwezi kupambana na sumu tusiyoijua. Nao wanaotaka kuwatibu wengine wakumbuke kwamba sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, wajiandikishe huko.

Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Kwa upande wa mitishamba, haraka ina majeraha na makaburi. Basi mkaanze Jumapili hii, mti mmoja, robo saa, daftari moja.