Rubani Mmoja, Ndege Mbili

(Mwalimu wa darasa alisome somo hili polepole, kisha wanafunzi wasome kwa zamu.)

Leo tutazungumza juu ya ndege na marubani wake.

Dereva wa gari dogo hapewi basi kubwa mpaka awe na leseni ya daraja lake. Kwa rubani sharti ni kali zaidi. Leseni peke yake haitoshi. Kwa kila aina ya ndege kubwa ya abiria lazima asome, afanye mazoezi na kupimwa, ndipo apewe kibali cha aina hiyo. Mazoezi mengi hufanywa katika mashine iliyo mfano wa chumba cha rubani. Akikosea humo, hakuna anayeumia. Lakini mafunzo hayo hula siku nyingi na fedha nyingi.

Je, gharama hiyo yaweza kupunguzwa? Mwaka 1981 kampuni mbili, moja ya Ufaransa na moja ya Italia, ziliungana ili kutengeneza ndege ndogo ya abiria kwa safari fupi. Ndege hiyo, ATR 42, iliruka mara ya kwanza mwaka 1984. Ina injini mbili zinazozungusha mapanga, na huchukua abiria wapatao 48. Kisha ikatakiwa ndege kubwa zaidi. Watengenezaji hawakuanza upya. Waliirefusha ile ile kwa mita 4 na nusu hivi, ikawa ATR 72, ya abiria wapatao 70. Hiyo iliruka mwaka 1988.

Kwa kuwa ndege hizo ni ndugu, kibali chao ni kimoja. Rubani wa ile ndogo hufundishwa tu zile tofauti zilizopo, basi huweza kurusha ile kubwa. Shirika la Precision Air la Tanzania limetumia ndege zote mbili, na zimetua Kilimanjaro, kiwanja kilicho jirani nasi. Faida yake ni hii: abiria wakiwa wachache hutumwa ndege ndogo, wakiwa wengi hutumwa kubwa, na marubani ni wale wale. Rubani mmoja akiugua, ni rahisi kumpata wa kushika nafasi yake.

Lakini sikilizeni vizuri. Kufanana si kuwa kitu kimoja. Kampuni ya Boeing ya Marekani ilitengeneza ndege iitwayo 737 MAX, ikataka marubani wa 737 za zamani wairushe bila mazoezi mapya katika ile mashine. Lakini injini za MAX zilikuwa kubwa zaidi, tena zimewekwa mbele zaidi. Kwa sababu hiyo kiliongezwa chombo cha kuinamisha pua ya ndege chenyewe. Marubani hawakuambiwa habari za chombo hicho. Oktoba 2018 ndege moja ilianguka Indonesia, watu 189 wakafa. Tarehe 10 Machi 2019 nyingine ilianguka Ethiopia, ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Wote 157 walikufa, na 32 kati yao walikuwa Wakenya, jirani zetu. Katika ajali zote mbili chombo kile kilipokea kipimo cha uongo, kikasukuma pua chini tena na tena.

Ndege hizo zilizuiwa kuruka duniani kote. Ziliporuhusiwa tena, kuanzia Novemba 2020, chombo kilikuwa kimerekebishwa, na marubani walitakiwa kufanya mazoezi katika mashine kwanza.

Basi, kibali kimoja kwa ndege mbili ni jambo jema, maana hupunguza gharama. Lakini lililobadilika lisifichwe. Rubani aambiwe, tena afundishwe. Fedha iliyookolewa kwa kuficha hulipwa kwa roho za watu.

MASWALI

1. Kwa nini leseni peke yake haimtoshi rubani?
2. ATR 72 ilipatikanaje kutoka ATR 42?
3. Marubani wa 737 MAX hawakuambiwa nini?
4. Taja kazi moja ya hapa kwetu ambayo chombo kipya hufanana na cha zamani. Ni tofauti gani lazima ifundishwe?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.