Treni ya mazutu na treni ya umeme: lipi kweli, lipi uongo?

Rwanda haina hata kilomita moja ya reli, lakini maneno kuhusu treni hayasubiri mataruma. Tangu Tanzania ianze kusafirisha abiria kwa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro, Juni 2024, kila mtu ana lake la kusema, na wilaya yetu ya Rusizi nayo haikubaki nyuma. Tuyapime machache.

“Reli haijawahi kusogea karibu na Rusizi.” Uongo. Enzi za Wabelgiji ilikuwepo reli iliyotoka Uvira, ikapita bonde la mto Rusizi hadi Kamanyola nchini Kongo, ng'ambo tu ya mji wetu wa Bugarama. Ilifungwa kabla Kongo haijapata uhuru mwaka 1960.

“Treni ya mazutu haitumii umeme.” Uongo, na ndio uongo unaozaa mwingine mwingi. Katika vichwa vingi vya treni za dizeli vya leo, injini haizungushi magurudumu. Inazungusha jenereta, jenereta inazalisha umeme, na mota za umeme ndizo zinazovuta mabehewa. Kwa hiyo treni za aina zote mbili, karibu zote, huendeshwa na mota za umeme. Tofauti ni kwamba moja imebeba kiwanda chake cha umeme mgongoni, pamoja na tanki la mafuta, na nyingine inachota kwenye waya ulio juu yake. Kiwanda hicho cha mgongoni ni kizito, kinapoteza zaidi ya nusu ya nishati ya mafuta kama joto, na hakiwezi kutoa nguvu zaidi ya injini yake. Waya unaweza.

Hapa ndipo abiria wa kila siku anapoingia. Treni ya mjini husimama na kuondoka tena kila baada ya dakika chache, na ya umeme hushika kasi mapema zaidi. Halafu kuna milima, na Rusizi haina uhaba wa milima. Mto Rusizi wenyewe unatoka Ziwa Kivu, karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kushuka karibu mita 700 hadi Ziwa Tanganyika. Treni ya umeme ikiteremka mteremko wa namna hiyo, mota zake hugeuka jenereta na zinaweza kurudisha umeme kwenye waya. Ya dizeli mara nyingi huutupa umeme huo hewani kama joto.

“Umeme ukikatika, safari imekwisha.” Nusu kweli. Mwishoni mwa Julai 2024 treni ya Tanzania ilisimama njiani kwa hitilafu ya umeme, na Shirika la Reli likawataja ngedere na bundi kuwa chanzo. Watu walicheka sana. Lakini dawa yake inajulikana: njia ya umeme ya reli peke yake, vituo vya kupoza umeme zaidi ya kimoja, na kichwa cha dizeli cha akiba cha kwenda kuvuta treni iliyokwama. Dizeli nayo hukwama, ila haikwamishi njia nzima kwa pamoja.

“Hatuna umeme wa kutosha.” Kwa treni za mji, uongo. Mtambo wa umeme wa maji wa Ruzizi ya Kwanza, kwenye mto huo huo, una karibu megawati 30 na ya Pili karibu 44, ingawa hugawanywa na majirani. Treni fupi ya abiria ikipanda mlima hula megawati chache tu. Katanga, kusini mwa Kongo, iliweka umeme kwenye reli zake tangu miaka ya 1950, kwa nguvu za mito yake.

“Ya umeme haichafui hewa.” Moshi hauonekani kituoni, hilo kweli. Mengine yategemea kinachozungusha mtambo: maji ya Ruzizi ni safi, ila Gishoma, humu humu wilayani, mtambo ulijengwa kuchoma nyasi-mboji, na hiyo huchafua sana.

“Ya umeme ni nafuu siku zote.” Uongo, na wanaoipenda ya umeme, nami nikiwemo, hupenda kuliruka hilo. Nguzo, nyaya na transfoma hulipiwa kabla abiria wa kwanza hajakata tiketi. Gharama hiyo hurudi treni zikiwa nyingi. Ndiyo maana siilaumu Nairobi kununua treni za dizeli zilizokwisha tumika Hispania kwa ajili ya abiria wa vitongoji, wala Dar es Salaam iliyoanza na mazutu mwaka 2012 kwa treni iliyobatizwa jina la Mwakyembe, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo. Njia zilikuwepo, watu walikuwa wanangoja.

Kwetu Rusizi, kati ya miji ya Kamembe na Bugarama, kwa treni mbili asubuhi na mbili jioni, nisingesimamisha nguzo hata moja. Wala nisingekimbilia mazutu: jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, limekuwa likiendesha treni za betri tangu 2023, zinazochajiwa palipo na waya na kuendelea zenyewe pasipo na waya. Nguzo zingeanza kulipa siku treni itakapohitajika kila robo saa.