Plastiki Inayopita na Plastiki Inayokaa

Plastiki inayoingia katika nyumba ya kawaida ya mjini Tanzania ni ya namna mbili, na mtu anayetaka kuipunguza asipozitenganisha atahangaika na ile yenye madhara madogo, huku ile inayojaza shimo la taka ikiendelea kupita mlangoni kila siku. Ipo plastiki inayokaa, yaani ndoo, beseni, dumu la maji na kiti, vyombo ambavyo hununuliwa mara moja vikatumika kwa miaka. Na ipo plastiki inayopita, yaani mfuko, kifungashio, kikombe cha kutupa na chupa ya maji ya kunywa, vitu ambavyo kazi yake humalizika kabla chakula kilichobebwa hakijapoa. Kikemia makundi haya mawili hayako mbali, kwa kuwa mfuko mwepesi na dumu zito aghalabu hutengenezwa kwa poliethilini ileile, yaani minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, iliyogunduliwa bila kukusudiwa katika maabara moja ya Uingereza mwaka 1933. Kinachotofautiana ni muda wa matumizi, na huo ndio unaofaa kuwa kipimo cha kwanza cha kuamua kipi kiachwe na kipi kibaki.

Kwa kipimo hicho, ushauri unaosikika siku hizi wa kutupa vyombo vyote vya plastiki na kununua vya kioo na vya chuma hauna mashiko. Ndoo nzima ikitupwa inakuwa taka siku hiyohiyo, na chombo kipya kitakachochukua nafasi yake nacho kimegharimu moto, madini na usafiri. Ndoo na ibaki, itumike mpaka ipasuke, na hata ikipasuka bado inaweza kuoteshwa mchicha.

Sheria za Afrika Mashariki zimeishughulikia zaidi plastiki inayopita, hasa mifuko ya kubebea bidhaa. Zanzibar ilitangulia kuipiga marufuku mwaka 2006, Rwanda ikafuata mwaka 2008, Kenya ikaanza utekelezaji tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikaingia tarehe 1 Juni 2019. Matokeo yalionekana upesi, kwani mifuko iliyokuwa ikining'inia katika miti na kuziba mitaro ilipungua machoni pa kila mtu. Hata hivyo marufuku ya Tanzania haikugusa vifungashio, yaani plastiki inayofungiwa bidhaa moja kwa moja, na haukupita muda mrefu kabla mifuko laini isiyo na mishikio, iliyoruhusiwa kwa kufungia tu, haijaanza kubebea nyanya na vitunguu kutoka sokoni, hata Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, likalazimika kukemea matumizi hayo.

Mifuko mbadala iliyochukua nafasi ya ile iliyopigwa marufuku, yenye mguso wa kitambaa, wanunuzi wengi huidhani ya nguo. Kwa kweli ni plastiki nyingine, polipropilini, ambayo nyuzi zake hazikufumwa bali zimeshikamanishwa kwa joto, ndiyo maana ikipigwa na jua kwa muda huanza kumeguka na kuacha vumbi la nyuzi. Mamlaka ya mazingira ya Uingereza ilichapisha mwaka 2011 uchunguzi uliolinganisha mifuko kuanzia kutengenezwa kwake mpaka kutupwa kwake, na ikabainika kwamba mfuko wa aina hii hauna budi kutumika mara 11, na wa pamba mara 131, ndipo mchango wake katika joto la dunia ushuke chini ya ule wa mfuko mwepesi uliotumika mara moja tu. Hesabu hiyo haikuingiza mitaro iliyoziba wala mbuzi waliokufa kwa kumeza nailoni, kwa hiyo haiitetei mifuko iliyopigwa marufuku. Inachoonyesha ni kwamba familia inayonunua mfuko mbadala mpya kila iendapo sokoni haijapunguza chochote. Kikapu cha ukindu au cha miyaa kinapita mtihani huu bila taabu, na hata kile kilichosukwa kwa mikanda ya plastiki kinapita, kwa sababu hukaa nyumbani miaka.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika ununuzi wa kupima. Familia isiyoweza kununua dumu zima la mafuta ya kula hununua kipimo cha jioni moja, na kila kipimo, kama ni mafuta, sukari au unga, hufungwa katika nailoni yake, hivyo kwamba mwenye kipato kidogo huishia kubeba plastiki nyingi zaidi kwa kila kilo ya chakula kuliko anayenunua kwa jumla. Kumlaumu mnunuzi huyu ni kukosa haki. Linalowezekana ni kurudisha desturi ambayo katika maduka ya mtaani haijafa kabisa, ya kumtuma mtoto dukani na chupa ya mafuta na bakuli la sukari. Na muuza duka naye hunufaika, kwa kuwa vifungashio anavyovitoa bure huvinunua kwa fedha yake.

Kipimo cha pili, baada ya muda, ni joto. Plastiki hutiwa viambata, yaani kemikali za kuilainisha, kuitia rangi au kuikinga na jua, ambazo nyingi hazikufungamana na minyororo yake bali zimekaa katikati yake tu. Joto linapopanda huanza kutoka, na kwa kuwa nyingi huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, chipsi au samaki waliotolewa karaini sasa hivi huzivuta kwa wingi kuliko embe au nyanya. Chupa ya maji ya kunywa hutengenezwa kwa plastiki iitwayo PET, ambayo hulegea kati ya nyuzi 70 na 80 za Selsiasi, na kila aliyewahi kuitia uji wa moto ameiona ikinywea na kujipinda mkononi. Jambo la kutia wasiwasi zaidi ni tabia iliyoenea majikoni ya kufunika wali, makande au ndizi kwa mfuko wa nailoni ili mvuke usitoke na chakula kiive upesi. Poliethilini nyepesi huyeyuka kuanzia karibu nyuzi 105, na ukingo wa sufuria iliyo juu ya mkaa hufika hapo bila shida, ndiyo maana mfuko huo mara nyingi hutolewa ukiwa umenata kwenye chuma. Ukiwa wa rangi, mpishi hana njia ya kujua rangi hiyo ni kemikali gani. Jani la mgomba lililobabuliwa kidogo motoni ili lisipasuke hufanya kazi ileile ya kuzuia mvuke, na chakula kikishapakuliwa, kawa hukikinga na nzi.

Namba iliyo ndani ya pembetatu chini ya chombo husaidia kidogo katika uamuzi huu. Namba 1 ni PET, 2 na 4 ni poliethilini nzito na nyepesi, 5 ni polipropilini, inayostahimili joto kuliko hizo, 3 ni PVC na 6 ni polistirini. Namba hiyo hutaja aina ya plastiki tu, wala si ahadi kwamba chombo kitarejelezwa: watafiti waliokokotoa mwaka 2017 plastiki yote iliyotengenezwa duniani walikuta kwamba katika taka zilizozalishwa mpaka 2015, zilizorejelezwa zilikuwa takriban asilimia 9.

Sehemu kubwa ya taka za plastiki zinazobaki nyumbani huishia motoni, ama katika shimo la taka nyuma ya nyumba ama katika jiko la mkaa, ambako kipande cha nailoni hutumiwa kama kiwashio kwa sababu hushika moto haraka na hakina gharama. Moshi wake mweusi hubeba masizi, na kama katika kilichochomwa mna PVC, kwa mfano ganda la waya au kipande cha kitambaa cha meza cha plastiki, klorini iliyomo huzaa dioksini, sumu zinazodumu mwilini na kujilimbikiza katika mafuta ya wanyama, maziwa na mayai, ikiwa ni pamoja na ya kuku wanaochakura kwenye jivu la shimo hilohilo. Mkaa hauhitaji nailoni ili uwake; Pwani makumbi ya nazi yaliyokauka yanatosha, na Bara magunzi ya mahindi.